Ugali wa Mchanga: Nani Anataka Kuwa Baba?

Makala haya yamezaliwa uani, si maktabani, na naomba msomaji anisamehe mapema kwa hilo. Katika semina yetu moja ya Fasihi Simulizi, mwenzetu mmoja alisimama akadai kwamba michezo ya watoto, hususan ule wa kujipikilisha, haistahili kuhesabiwa katika fasihi wala katika sanaa za maonyesho. Eti haina hadhira, na wala haina ujumbe. Wengi wetu tulitikisa vichwa kukubali, tukaenda zetu kunywa chai. Nami nilikuwa miongoni mwa waliotikisa. Leo nimekuja kuiondoa kura yangu.

Wakati wa likizo nilikuwa nyumbani naandika tasnifu, au tuseme najaribu kuiandika, maana meza yangu iko dirishani na dirisha lenyewe linatazama uani. Nina watoto wawili, wa kike wa miaka saba na wa kiume wa miaka minne na nusu. Yuko na binti wa jirani, wa miaka sita, ambaye sahani yake imeshakuwa ya kudumu kabatini kwetu. Kwa wiki tatu watoto hawa walicheza mchezo ule ule kila asubuhi, chini ya mwembe ule ule, na kwa wiki tatu mimi sikuandika sura ya pili.

Kwa wale waliokulia maghorofani, mchezo wenyewe ni huu. Watoto wanajenga nyumba isiyo na ukuta, wanagawana ukoo, wanapika, wanakula, wanapokea wageni, wanaumwa, wanakwenda sokoni na kurudi. Huku kwetu huitwa kujipikilisha, au baba na mama. Wenzetu wa Nairobi huuita kalongolongo. Vifaa vyake haviuzwi dukani. Mafiga ni vipande vitatu vya tofali. Sufuria ni kopo la rangi. Mboga ni majani ya mchongoma, na mtoto mchanga ni gunzi la muhindi lililofungwa kitambaa cha khanga. Unga ni mchanga uliochekechwa kwa kipande cha chandarua, na hapo hawana mzaha: mchanga wenye kokoto hukataliwa kwa maneno makali, "Huo wa kujengea, siyo wa kula."

Sasa nitazame kisa kimoja kidogo ambacho ndicho kilichonifanya niache kalamu. Binti yangu alikuwa anasonga ugali. Moto haukuwepo, ni tofali tupu. Lakini kila alipoinama kukoleza kuni alifumba jicho moja, akageuza uso pembeni na kukohoa. Moshi! Nilijiuliza, huyu moshi kautoa wapi? Sisi tunapikia gesi. Mama yake hajafumba jicho mbele ya jiko tangu mtoto huyu azaliwe. Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka jana alikaa mwezi mzima kijijini kwa bibi yake, na jikoni kwa bibi mtu huingia anaona na kutoka analia.

Tumezoea kuandika katika mitihani yetu kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Sentensi hiyo inatupatia maksi, lakini mbele ya jicho lile lililofumbwa haina la kusema. Kioo cha uani kwangu kingeonyesha mtungi wa gesi. Mtoto huyu aliuacha mtungi uliopo hatua kumi kutoka alipokaa, akaufuata moshi wa mwaka jana, kwa sababu moshi una kitu cha kufanya: una kikohozi, una machozi, una uso wa kugeuza. Gesi haina cha kuigiza; unawasha tu basi. Huu ni uteuzi, na mtu anayeteua namna hiyo mimi namwita msanii, awe na miaka saba au sabini. Aristotle katika Poetics alikwisha kusema kwamba kuiga ni tabia ya mwanadamu tangu utotoni, na kwamba masomo yetu ya kwanza tunayapata kwa kuiga. Alichoniachia mimi ni kuongeza kwamba hatuigi kila kitu.

Nirudi kwenye hoja ya hadhira. Nadhani mwenzetu aliitoa katika kitabu cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), ambamo tunaambiwa kwamba sanaa ya maonyesho huhitaji dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Hicho cha nne ndicho alichokikosa chini ya mwembe, akafunga faili. Lakini je, alitazama? Mgeni anayengoja ugali uive huwa amekaa juu ya ndala zake, na kazi yake yote kwa wakati ule ni kutazama. Tena si kutazama tu, ni kuhakiki! "Maji mengi hayo." "Mtoto hambebi hivyo, atavunjika shingo." "Mama yangu akienda sokoni hasemi asante, anasema punguza." Kisha zamu inageuka, aliyekuwa anatazama anashika mwiko, na mpishi anakuwa hadhira yake. M. M. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotoka katika Mulika namba 21 mwaka 1989, alitufundisha kuitazama fasihi simulizi kama tukio lenye fanani na hadhira yake, mahali pake na wakati wake, wala si maneno peke yake. Tukishika mafunzo hayo, swali si kama hadhira ipo. Ipo, tena imekaa karibu sana na jukwaa kiasi kwamba sisi tulio dirishani hatuitofautishi.

Hoja ya ujumbe sitaipotezea muda. Mtu anayekula ugali wa mchanga hatafuti ujumbe.

Jambo ambalo halijaandikwa vya kutosha, na ambalo wenzangu wa isimu wanapaswa kulichangamkia, ni lugha ya mchezo huu, na hasa neno moja: eti. Sisi watu wazima tunalitumia eti tunapotaka kujitoa katika habari tunayoisimulia. "Eti kapandishwa cheo," maana yake usiniulize mimi, nami nimesikia. Tunalitumia pia kwa kuuliza, "Eti ni kweli?" Chini ya mwembe neno hilo linafanya kazi nyingine kabisa. Sikiliza:

"Eti mimi mama, we eti mgeni umetoka Tanga."

"Eti nilikuwa sijui kwenu."

"Ee, eti ulipotea ukalala stendi."

"Hodi hodi!"

"Karibu! Shikamoo shangazi."

Mpaka hapo pazia limefunguka. Tazama kwamba maelezo ya jukwaa yanakwenda na eti, tena mara nyingi katika wakati uliopita, "nilikuwa sijui", "ulipotea", kana kwamba hadithi imekwisha kutokea mahali fulani na wao wanaifuata nyuma. Lakini mazungumzo ya wahusika wenyewe hayana eti hata moja. Mgeni hasemi "eti hodi". Anabisha hodi kweli, anaamkiwa kweli, na anaulizwa habari za nyumbani kwa mpangilio ambao ungemridhisha bibi yeyote. Mtoto ambaye asubuhi hiyo hiyo nimemgombeza kwa kutomwamkia jirani, hapa anaamkia gunzi.

Kuna siku mdogo aliingiwa na mchanga jichoni. Alipiga kelele, wenzake wakacheka wakidhani analia katika nafasi yake ya mtoto mgonjwa. Ndipo akasema, "Kweli! Siyo eti!" Papo hapo kila kitu kikasimama. Dada mtu akatupa mwiko, akakimbilia ndoo ya maji ya kweli. Waigizaji wangapi wa jukwaa letu pale chuoni wanajua mpaka wa sanaa yao ulipo kwa uhakika wa namna hiyo? Mwanasaikolojia wa Kirusi, Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933 kuhusu mchezo, alitoa mfano wa ndugu wawili wa kike, wa miaka mitano na wa miaka saba, walioamua kucheza "kuwa ndugu". Walikuwa ndugu tangu hapo. Lakini walipoigiza undugu ndipo walipoanza kuufuata kwa kanuni, kuvaa sawa na kushikana mikono. Vygotsky alikuwa anapinga wazo la kwamba mchezo ni uhuru mtupu. Nami baada ya wiki tatu za dirishani naungana naye. Sijaona sheria inayotiiwa nyumbani kwangu kama sheria ya eti.

Sheria hiyo ndiyo iliyoleta kizaazaa cha kugawana nafasi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jambo lenyewe linanihusu.

Kila asubuhi ugomvi ulikuwa mmoja: nani awe mama. Wote watatu walitaka kuwa mama, pamoja na mwanangu wa kiume. Dada yake alimkatalia, "We mwanamme." Mdogo akamtazama, akajibu kwa utulivu, "Eti mimi mama." Kesi ikaisha. Kwa mujibu wa kanuni waliyojiwekea hapakuwa na rufaa, na dada mtu, kwa uso uliokunjamana, akaenda kumletea khanga akamfunga.

Nilimsimulia kisa hiki mwanafunzi mwenzangu mmoja, ambaye utafiti wake unahusu jinsia katika tamthilia. Akaniambia nisifurahi haraka. Kwa maoni yake mchezo huu ni chuo cha mfumo dume: mama anapika, anafua, anabeba mtoto, anahudumia wageni, na hakuna hata mara moja anapoketi. Sikuwa na jibu la kumtosha, kwani ni kweli. Katika kurasa kumi na mbili za kumbukumbu zangu mama ameketi mara moja tu, tena alikuwa anachambua mchele. Lakini bado swali linabaki. Kama nafasi ya mama ni mzigo mtupu, kwa nini wanaigombania mpaka machozi? Jibu langu ni kwamba wanaijua nafasi hiyo kama watu wa jukwaa wanavyoijua nafasi kubwa. Mama ana maneno. Mama ana vifaa mikononi. Mama ndiye anayegawa nyama, na anayegawa nyama ndiye anayeamua nani leo ni mtoto mzuri. Mchezo wote unazunguka pale alipo.

Na baba je? Hakuna aliyetaka kuwa baba. Nafasi hii walimwachia yeyote aliyechelewa kufika. Siku ya kwanza niliyosikiliza kwa makini ilimwangukia binti wa jirani, ambaye alikuwa ametumwa dukani na kukuta nafasi zimekwisha.

"Baba aende kazini," akaambiwa.

Akaenda nyuma ya mwembe. Akasimama huko. Ugali ukasongwa, mgeni akaja, mtoto akapelekwa hospitali akachomwa sindano ya mwiba wa mchongoma, akarudi amepona.

"Nirudi?" sauti ikauliza nyuma ya mti.

"Bado."

Akaendelea kusimama. Baada ya muda akaruhusiwa. Akaja, akaketi juu ya jiwe, akaokota kipande bapa cha kigae, akakishika karibu na uso, akawa anakisugua kwa dole gumba kwenda juu, kwenda juu.

"Baba, chakula tayari."

"Mm."

"Baba, mtoto alikuwa anaumwa."

"Mm."

Nilicheka peke yangu pale dirishani kwa sauti, maana uigizaji ulikuwa bora sana. Kisha nikanyamaza. Ile "mm" ilikuwa yangu, kwa urefu wake na kwa kushuka kwake mwishoni. Na tazama, aliyeitoa hakuwa hata mwanangu. Ni mtoto wa jirani, ambaye baba yake pengine ana "mm" yake mwenyewe, lakini akaona ya kwangu ndiyo inafaa.

Sisi wahakiki tunao msamiati wa kumshughulikia mhusika wa namna hii. Tungesema ni mhusika bapa, asiyebadilika toka mwanzo hadi mwisho. Tungesema msanii amefaulu kumchora mzazi asiyewajibika, na kwamba dhamira ya malezi imejitokeza waziwazi. Nimeandika sentensi kama hizo mara nyingi juu ya wahusika wa watu wengine, bila kusita. Safari hii kalamu ilikuwa nzito. Na si kwa sababu nilionewa, la. Ningefarijika kama watoto hawa wangekuwa wananikosoa. Kejeli ina heshima yake, anayekukejeli amekufikiria. Hawa hawakuwa na kinyongo chochote. Kwao nafasi ya baba ilikuwa nafasi fupi, isiyo na maneno, inayochezwa zaidi nyuma ya mti, na mtoto mwenye akili hawezi kuitaka.

Basi nikafanya kosa la kitaaluma. Nilichukua daftari, nikatoka nje, nikaketi kibarazani ili niandike maneno yao sawasawa kama tulivyofundishwa katika mbinu za utafiti. Hazikupita dakika tano. Binti yangu aliniona, akawapanga wenzake mstari mmoja, wakakohoa, wakanyoosha mikono mbele na kuirudisha kifuani, wakaanza kunitolea mafunzo kwa sauti ya pamoja, "Ndugu mgeni rasmi…" Wale wote waliosoma shule zetu wanaijua mikono hiyo. Ni mikono ya ngonjera, ambayo tangu enzi za Mathias Mnyampala na miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 imekuwa ndiyo sura ya mtoto anapowekwa mbele ya watu wazima. Sina ugomvi na ngonjera. Lakini pale niliona mbele ya macho yangu sanaa moja ikifa na nyingine ikichukua nafasi yake, na aliyeiua ni daftari langu. Waliacha kucheza wakaanza kunichezea. Ninashuku kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita fasihi ya watoto katika maandishi yetu imekusanywa namna hiyo, na watu walioketi kibarazani. Kutoka hapo nilitegemea kumbukumbu, na msomaji aelewe kwamba mazungumzo niliyoyanukuu humu yamepita kwenye kichwa cha mtu ambaye naye ni mhusika.

Nitaje jioni moja tu kabla sijamaliza. Umeme ulikatika, tukaketi mkekani nje, na mama watoto akaanzisha vitendawili. Vilipita vya kawaida, vile ambavyo kila mtu anavijua na jibu hutoka kabla swali halijakwisha. Mdogo alipewa mji akauchagua Mbagala, akautawala kwa majivuno. Kisha binti yangu akasema:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Baba ana mtoto wake, analia lakini hanyonyi."

Mdogo akasema paka. Mama yake akanitazama, akainamisha uso akawa anatengeneza mkeka uliokuwa umenyooka tayari. Nikaomba mji nipewe, ingawa jibu nililijua, kwa kuwa lilikuwa linalia mfukoni mwangu wakati huo huo. Kama mhakiki nasema kitendawili hicho ni kizuri: sitiari yake imeshika pande zote mbili, kilio na kubebwa, na neno "hanyonyi" linakata mara moja njia ya jibu jepesi. Kimetungwa na mtu ambaye hajui neno sitiari. Sikukikuta katika mkusanyo wowote nilioupitia.

Asubuhi iliyofuata nilitoka bila daftari na bila kile kitoto kisichonyonya. Nikasimama pembeni ya mafiga, nikasema nataka kucheza. Walitazamana. Nikasema nitakuwa baba.

"Baba yupo," mdogo akaniambia, akinionyesha mwembe. Kweli, kulikuwa na kiwiko kinaonekana nyuma ya shina.

Wakashauriana kwa kunong'ona, nikapewa nafasi ya mgeni. Nilibisha hodi, nikaketi juu ya ndala zangu, nikatandikiwa kipande cha boksi. Ugali ukaletwa umefinyangwa vizuri juu ya kifuniko cha ndoo. Nami, kwa kutaka kuwafurahisha, nikajaza mkono, nikarembua macho, nikasema kwa sauti kubwa, "Mmmh! Tamu sana! Hongera mpishi!"

Binti yangu alisimamisha mwiko hewani.

"Baba, siyo hivyo," akasema. "Eti una njaa. Kula kama mtu."

Nikarudisha tonge, nikaanza upya. Nilimega kidogo, nikachovya kwenye majani ya mchongoma, nikatafuna hewa taratibu huku nimetazama chini, kama anavyokula mtu aliyetoka Tanga akalala stendi. Hakuna aliyenisifu. Mama alikwisha kunigeuzia mgongo, anakohoa moshi, na yule mdogo alikuwa ananitazama mdomoni kwa makini kuona kama nameza.

"Nirudi?" sauti ikauliza nyuma ya mti.

"Bado," tukamjibu.